Iliyobaki Kwenye Tangi

Mzee Anyosisye alikataa kujaza mafuta. Alisogeza lori lake hadi pampu ya kwanza kama mtu mwenye nia njema, akazima, akashuka, akafunga mlango kwa ufunguo na kusimama mbele ya bampa amekunja mikono. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika kwenye bango la kituo. Mhudumu wa pampu alimbembeleza, akamfokea, akambembeleza tena, mwisho akaja kunigongea bandani.

"Fundi Atu, njoo umchukue mzee wako. Kagoma."

"Tangu lini akawa mzee wangu?"

"Anasema hasogei mpaka fundi wa geji apime tangi lake. Fundi wa geji si wewe?"

Ni mimi. Atuganile, fundi wa geji, kituo cha Rungwa, pale njia ya Itigi inapoachana na ya Chunya. Nilikuwa nimeegemea ukuta chini ya feni ambayo haijazunguka tangu kiangazi kilichopita, na nilikuwa nimechoka. Uchovu wa kazi unalala nao, unaamka umekwisha. Mimi nilikuwa nimechoka kuulizwa swali lile lile na kila anayepita, na kulijibu kila mara kwa uso mkavu: fundi, hii geji inasema kweli?

Nilijua mzee anataka nini. Kituo kizima kilijua kilichompata juzi. Nikavaa kofia nikatoka.

"Shikamoo, Mzee Anyosisye."

"Marahaba, mwanangu. Toa supu yote iliyomo tangini humu, upime. Hapa hapa, mbele ya watu."

"Si ulipima mwezi uliopita?"

"Mwezi uliopita hakuna aliyekufa."

Hakuinua sauti. Mzee huyu namfahamu kwa kelele zake. Akiingia kantini hata aliyelala anaamka. Siku hiyo alikuwa anaongea polepole, na macho yalikuwa mekundu. Niliangalia pembeni. Kando ya tenki la maji kulikuwa na gari dogo la mizigo, la bluu, na mwanamume wa makamo ameketi kwenye ngazi ya mlango wake. Huyo alikuwa Machibya. Mwili wa mama yake ulikuwa kwenye chumba cha baridi cha zahanati yetu, na Machibya alikuwa anasubiri kujaza mafuta amrudishe Mitundu kumzika.

Wote wawili walikuwa wananisubiri mimi.

*

Magari ya siku hizi hayanywi dizeli. Yanakunywa kimiminika cha kahawia kinachobeba haidrojeni ndani yake, na kwa kuwa kina rangi ya mchuzi wa mifupa, madereva wanakiita supu. Uzuri wa supu ni kwamba unaweza kuibeba kwenye dumu, ukamimina kwa mpira kutoka tangi hadi tangi. Ndiyo maana barabara ya msitu wetu ina desturi ambayo hakuna mamlaka iliyoiandika. Inaitwa kumegeana. Ukikuta gari limekauka njiani, unasimama. Unaangalia geji, unatoa unachohitaji kufika kituo kinachofuata, kinachobaki unammegea mwenzako. Hamuulizani majina, na hutaki kulipwa. Yeye atamegea mwingine siku nyingine. Anayepita ilhali anayo, akiingia kantini salamu yake haiitikiwi, hata chai anakunywa peke yake.

Juzi Mzee Anyosisye alikuwa anatoka Mitundu na shehena ya saruji. Katikati ya msitu, mahali ambapo mtandao haujafika na tunaahidiwa utafika tangu bibi yangu yuko hai, akakuta lile gari la bluu limesimama. Ndani yake kulikuwa na mama mgonjwa wa mapafu anapelekwa hospitali Mbeya. Mashine ya kumpa hewa ilikuwa imefungwa kwa nati kwenye bodi ya gari, haihamishiki, na inakula umeme wa gari lenyewe. Fundi wa mtaani aliyeifunga hakuiunganisha na geji, kwa hiyo geji ilikuwa inahesabu magurudumu tu, haijui kama kuna mtu nyuma anapumua supu ile ile. Machibya alitoka Mitundu geji inamwambia atafika. Hakufika. Alipokutwa, mashine ilikuwa inamalizia betri ya akiba.

"Nikaangalia kioo," Mzee Anyosisye aliniambia pale mbele ya bampa, kama vile nilikuwa sijasimuliwa. "Kioo kinasema nimebakiza kilomita sabini. Kuja hapa ni sitini na tano. Nimegee nini? Nikimpa kidogo, tunakauka wawili, na hakuna wa kuleta habari. Nikimvuta kwa kamba, lori linakula zaidi, tunakauka wote. Nikamwambia, mwanangu, nisamehe, nakimbia kuita msaada. Akanipigia magoti. Jitu zima, Fundi, likanipigia magoti barabarani."

"Ulikimbia, mzee. Sote tulikuona ulivyoingia hapa."

"Nilikimbia. Gari la uokoaji likaenda. Likamkuta mama ameshakata roho." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sasa mimi nataka kujua kitu kimoja. Nilikuwa nayo, au nilikuwa sina? Tangu juzi sijagusa tangi. Iliyomo ndiyo iliyobaki nilipoingia hapa. Pima uniambie, nipate kulala."

Nilichomeka kisomeo changu kwenye tundu la chini ya usukani. Kisomeo cha fundi kinaonyesha safu mbili za namba, ya kushoto ambayo dereva anaiona kwenye kioo chake, na ya kulia ambayo haoni. Nikarudisha nyuma hadi juzi mchana, hadi pale lori liliposimama karibu na gari la bluu. Kushoto kulikuwa na sabini. Kulia, mia moja na sitini.

Nikachomoa kisomeo haraka kana kwamba kimeniunguza. Mzee alikuwa ananitazama mdomoni.

"Ngoja nikaongee na mkuu wa kituo," nikasema. "Kumwaga tangi kunahitaji ruhusa."

Foleni ikaanza kupiga honi. Kutoka gari la tatu Bi Kashindye akachungulia dirishani. Huyu ni mama wa Tabora anayetoa vifaranga Mbeya kupeleka Itigi, na madereva wanamtania kwa sababu hajawahi kupita kituo bila kujaza. Geji ikimwambia simama, anasimama hata kama anaona nusu tangi.

"Fundi, mwanangu, vifaranga vyangu vinakufa kwa joto huku! Mtachukua muda?"

"Vumilia kidogo, mama."

"Kila siku navumilia mimi tu," akasema, akapandisha kioo.

*

Mkuu wa kituo, Bwana Semvua, alikuwa ameshaona namba zote kwenye mashine yake kabla sijafungua mlango. Alinionyesha kiti. Sikukaa.

"Alikuwa nayo," nikasema.

"Alikuwa nayo."

"Ya kuwatosha wote wawili, mkuu. Angemegea, wote wangefika na ingebaki."

"Atu, najua kusoma."

Niseme hapa jambo ambalo mafundi wa geji tunakula kiapo kutolisema. Geji za leo hazipimi tangi tu. Zina kitu kinaitwa Kadirio, na Kadirio halimpimi farasi, linampima mpanda farasi. Zamani, enzi za mshale na taa nyekundu, kila dereva alijua taa ikiwaka bado kuna kidogo. Basi hicho kidogo kikawa ndicho mafuta yenyewe. Mtu anapita kituo taa inawaka, anacheka. Vikaja vioo vinavyotaja kilomita zilizobaki, watu wakabishana navyo. Kikisema ishirini, dereva anasoma hamsini. Ukaja mwaka wa ukame mkubwa, visima vya msitu vikakauka, na ubishi ule ukawa wa kufa na kupona. Ndipo wakubwa wakaamua geji isiseme kilichomo. Iseme kile kitakachomfanya dereva huyu, kwa kichwa chake hiki, asimame kwa wakati.

Kwa hiyo Kadirio linakusoma. Kila ukipita kituo ulipoambiwa ujaze, linakuongezea alama ya ubishi. Ubishi ukipanda, linaficha zaidi. Mtiifu haonyeshwi pungufu. Anachokiona ndicho alichonacho. Mbishi wa kutupwa anafichiwa karibu nusu tangi. Kila dereva anahisi chini ya sifuri kuna matone ya huruma. Hakuna anayejua matone hayo ni mangapi, wala kwamba jirani yake hana hata moja.

"Mzee hajapita kituo miaka na miaka," nikasema. "Tangu apate wajukuu. Anatii kuliko mimi. Kwa nini bado anafichiwa kama kijana mhuni?"

Bwana Semvua alijikuna kidevu. "Kadirio lilifundishwa kupandisha. Kushusha walisema watakuja kulifundisha baadaye."

"Na baadaye haijafika."

"Haijafika." Alivuta pumzi. Si mtu mbaya huyu, na hilo ndilo linalonichosha zaidi. "Atu, mwaka ule wa ukame mimi ndiye niliyekuwa naendesha gari la kuokota watu. Nimewakuta wamekaa chini ya malori yao, ulimi umekauka, na kwenye tangi hamna tone, kwa sababu walimwamini rafiki aliyewaambia bado kuna kidogo, kuliko kioo. Tangu Kadirio lianze hatujaokota mtu wa kiu. Hata mmoja. Huyu mama ndiye wa kwanza, na hakufa kwa kiu."

"Amekufa kwa sababu tumemwambia mtu hana, ilhali anayo."

"Ukimwambia Anyosisye ukweli unamsaidia nini? Ataishi vipi? Na ukimwambia yeye umewaambia wote. Kesho kila mmoja barabarani ataongeza namba yake kichwani. Tutarudi kulekule kwa kuokota."

Nikageukia mlango.

"Tumia koki ya juu," akasema kwa upole. "Mpe ruhusa yake. Apime mbele ya watu. Alale."

Koki ya juu ndiyo ya ukaguzi. Inasikilizana na Kadirio: kioo kikifika sifuri inajifunga yenyewe, na mtu yeyote aliyesimama pale anaamini tangi limeisha. Koki ya chini iko ndani ya kifuniko, inafunguliwa kwa ufunguo wa fundi tu. Waliotengeneza haya mambo walifikiria kila kitu, nakuhakikishia.

Nikachukua ufunguo, nikatoka. Nilijiambia nauchukua kwa mazoea.

*

Madereva walikuwa wameshuka wote wamezunguka lori. Machibya naye alisogea, akasimama nyuma yao, mikono mfukoni. Nikaweka dumu chini ya koki ya juu nikafungua. Supu ikatoka, nyembamba, na harufu yake ya chuma kilicholowa. Dumu lilifika nusu, koki ikafanya klik, ikakata.

"Kioo?" Mzee Anyosisye aliuliza.

Dereva mmoja alichungulia ndani. "Sifuri, mzee."

Mzee akatikisa tangi kwa bega, kama mtu anayetikisa mti. Akapiga kwa ngumi. Halafu akakaa chini kwenye lami na kulia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia watu waliofikishiwa habari njema baada ya kukata tamaa. "Nilikuwa sina. Jamani, nilikuwa sina kweli."

Nilitaka kuondoka wakati huo huo. Kazi ilikuwa imekwisha. Machibya alipita katikati ya watu, akainama, akamshika mzee mkono.

"Nimeona, baba," akasema. "Sina kinyongo na wewe. Nenda kapumzike."

Hata mimi machozi yalinilenga. Nikasema moyoni, basi, Semvua alikuwa sahihi, uongo huu umewapa watu wawili amani, mimi ni nani wa kuuchokonoa? Nikaanza kukunja mpira.

Mzee akasimama. Alikuwa mwepesi ghafla, kelele zake zikaanza kurudi. Akawageukia madereva wenzake.

"Mmeona wenyewe! Mimi nilikuwa mbishi kuliko nyote, mnanijua. Sasa nawaambia, kioo hakidanganyi. Kikikwambia huna, huna. Pita. Usisimame pale kujisumbua roho, usimwangalie mtu machoni, pita tu ukaite msaada. Wala usione haya. Mimi nimepita na sikuwa na kosa."

Wakaitikia. Mmoja akasema kweli. Mwingine akasema tangu leo hasimami tena kama kioo kinasoma chini ya mia. Bi Kashindye, aliyekuwa ameshuka kutazama, alitingisha kichwa akikubali, na yeye ndiye mtu aliyewahi kunimegea mimi mwenyewe siku nilipokauka nikienda likizo.

Nikawatazama mmoja mmoja. Wabishi wote wa barabara ile, mabingwa wa kupita vituo, kila mmoja akiwa na nusu tangi asiyoijua, walikuwa wanakubaliana kwamba kuanzia sasa hawatasimama. Kumegeana kulikuwa kunakufa mbele ya macho yangu, na koki ya juu niliifungua mimi.

"Mzee," nikasema. "Ngoja."

"Nini tena, mwanangu?"

"Sijamaliza kupima."

Nilipiga magoti chini ya lori, nikabandua kifuniko, nikaingiza ufunguo. Niliuangusha mara moja, nikauokota. Mlango wa ofisi ulifunguka nyuma yangu na Bwana Semvua akaita jina langu, mara moja tu, wala hakupaza sauti. Nikafungua.

Ilitoka kwa nguvu, nene kama mkono. Dumu la kwanza lilijaa kabla mtu hajasema kitu. Nikasogeza la pili. Watu walikuwa wanaangalia supu, halafu mzee, halafu supu. La pili likajaa. Nikachukua la tatu.

"Funga," Mzee Anyosisye akasema.

Sikufunga. Nilitaka kufunga, Mungu anajua.

"Fundi. Mwanangu. Nakuomba, funga."

Likajaa la tatu, na la nne likafika nusu, ndipo tangi likakoroma na kuisha kweli. Mzee alikuwa amesimama mikono imening'inia. Hakulia safari hii. Alimtafuta Machibya kwa macho, akampata.

"Ulikuwa unajua?" Machibya aliniuliza mimi.

"Nilikuwa najua."

"Na yeye?"

"Yeye hakujua. Gari lake linamficha. Mengi ya haya yanawaficha wenyewe."

Mzee aliinama, akachukua madumu mawili, moja kila mkono, akaenda nayo mpaka kwenye gari la bluu. Akayaweka chini taratibu karibu na mlango wa nyuma. Hakuomba radhi. Alirudi akasimama kando ya lori lake, akalishika tairi kama mtu anayetafuta pa kujishikiza.

*

Kilichofuata kilikuwa fujo. Kila mtu aliniuliza kwa wakati mmoja: na langu je? Langu lina ngapi? Mmoja alikimbilia gari lake na spana atafute kifuniko. Mwingine alianza kumtukana mhudumu wa pampu, ambaye hakujua lolote. Nilipanda kwenye ngazi ya lori nikapiga kelele.

"Siyo wote! Nisikilizeni! Wengine hamna kitu chini ya sifuri! Kila gari lina lake! Msiondoke kabla sijawasomea!"

Nani anasikiliza fundi aliyewadanganya miaka yote? Bwana Semvua naye akaona asipofanya kitu watu watatawanyika, akafanya alichofikiri ni busara: akazifunga pampu. Zote, kwa mashine. Alidhani bila mafuta hakuna atakayeondoka. Na pampu zikishafungwa namna ile, kuzifungua ni mpaka wakubwa wa Dodoma wajibu, na Dodoma hujibu wanapojisikia.

Taa za pampu zilipozimika nikasikia injini inawaka. Lilikuwa gari la vifaranga. Lilikuwa linajinasua kwenye foleni, nyuma, mbele, nyuma, mbele.

Nikakimbia. "Bi Kashindye! Mama! Subiri!"

Aliteremsha kioo kidogo tu. Alikuwa amekasirika, na sijawahi kumwona amekasirika.

"Miaka yote hii nasimama foleni zenu! Wenzangu wanapita, mimi nasimama. Wananicheka, mimi nasimama. Kumbe ninayo! Leo vifaranga vyangu viko hoi, pampu mmefunga, na mnataka nisubiri tena?"

"Mama, wewe huna! Wewe hukufichwa, kwa sababu wewe..."

Kioo kilikuwa kimeshapanda. Nilipiga ubavu wa gari kwa kiganja, nikasikia vifaranga vinalia ndani. Gari likaingia barabara ya Itigi na vumbi likalifunika.

Nilisimama pale nikihema. Gari la uokoaji lilikuwa limekwenda Chunya tangu asubuhi. Mtandao unaishia kwenye kona ya kwanza. Na mimi ndiye niliyemwambia mtu pekee aliyekuwa anaiamini geji kwamba geji ni ya uongo.

Mzee Anyosisye alikuja akasimama karibu nami.

"Yule mama, kwa kuwa si mbishi, anafichwa ngapi?" aliuliza. Alikuwa ameelewa haraka kuliko wote.

"Hafichwi kitu, mzee. Anachokiona ndicho alichonacho."

"Na alikuwa anaona ngapi?"

"Kwenye mashine ya mkuu niliona amebakiza arobaini. Mitundu ni zaidi ya mia."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtajia dereva namba ya kweli bila kuipitisha popote. Mzee hakuniuliza kama nina hakika. Alirudi kwenye lori, akaanza kumimina supu kwenye tangi, ile nusu ya koki ya juu, kisha dumu la tatu, kisha ile nusu ya mwisho. Nilishika mpira. Tulifanya hesabu kwa sauti, kama watoto wa darasa la pili. Lori zito, saruji mgongoni, kwenda mpaka atakapokaukia, kummegea afike Mitundu, na sisi kugeuza.

"Kwenda tunafika," nikasema. "Tukimmegea, haturudi."

"Tutakaa naye basi."

"Maji hakuna kule, mzee. Na tukikwama sisi, nani anakuja? Hawa?" Nilionyesha madereva waliokuwa wamelala chini ya magari yao na spana, kila mmoja anatafuta chake.

Mzee alifungua mlango wa lori, akapanda, akawasha. Alisubiri nizunguke upande wa pili nipande au nisipande, kwa hiari yangu. Nilikuwa nimeshika mpini wa mlango nilipoona Machibya anakuja.

Alikuwa amebeba dumu moja kati ya yale mawili ya mzee, mkono wa pili umeinuka ili kusawazisha uzito. Alipita kati ya madereva bila kuwaangalia. Alilifikisha mpaka dirishani kwa mzee, akaliinua.

"Chukueni," akasema. "Mama yangu hana haraka tena."

Mzee Anyosisye alitazama lile dumu, na mikono yake haikuondoka kwenye usukani. Alishindwa kulipokea. Nikalipokea mimi.